Kamera zimezimwa, wanafunzi kimya

Shikamoo Bibi. Nafundisha uuguzi hapa Mombasa. Nadharia tunasomesha mtandaoni jioni, mazoezi ni chuoni na wadini. Wanafunzi 40 wanaingia, kamera zote zimezimwa. Nikiuliza swali, kimya. Mmoja sasa anasema ataacha. Niwatie moyo vipi?
Mwalimu, Kisauni

Marahaba, mwanangu. Nami nikuulize: somo la Jumatatu usiku, mikono yao inaligusa lini?

Nauliza kwa sababu yalinifika. Tulifundisha kupima presha mtandaoni, zamu ya mazoezi ikaja baada ya wiki 5. Walikuwa wamesahau hata stetoskopu inawekwa wapi. Tukabadilisha: usiku video ya dakika 10, asubuhi yake kila mmoja anamfunga mwenzake mkanda wa presha mkononi. Kulikuwa na binti mkimya kuliko wote. Alifumba macho, akafungua vali polepole, mshale wa kipimo unashuka, kisha akashtuka: "Nimeusikia!" Mdundo wa kwanza kwenye 118, ukapotea kwenye 76. Usiku ule ndiye aliyeuliza swali, kwa nini mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Nikaacha niliyokuwa nimeyaandaa, tukalijadili hilo tu.

Basi zisogeze siku hizo mbili, ya nadharia na ya mazoezi, zikaribiane, hata kama itabidi ugombanie chumba cha mazoezi na wenzako. Gombania.

Kamera usiwalazimishe. Wengine wako kwenye feri ya Likoni wakirudi kutoka zamu, wengine chumba kimoja na wadogo zao, na bando haliwatoshi. Watumie sauti fupi kwa WhatsApp wasikilize wakipata nafasi. Muda wa pamoja ufanye wa kazi: wagawe wanne wanne, wape mgonjwa. Mama wa mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita 5, mapigo ya mtoto 140. Wachore patogramu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, waseme nusu saa ijayo wanaangalia nini, na wakiona mapigo yameshuka hadi 100 wanamwita nani. Kundi la watu wanne halina pa kujificha, na mwenye aibu huthubutu kusema mbele ya watatu.

Huyo anayetaka kuacha usimwandikie ujumbe kwenye kundi. Mpigie simu, leo kabla ya Magharibi. Muulize kama ni ada, au kuna lililomkuta wadini; pengine amefiwa na mgonjwa wake wa kwanza na hajapata wa kumwambia. Masomo msiyataje kwanza. Kisha umwambie siku gani utakuwa wadini, na uende kweli.