Nyigu mpya wa milimani: maswali yenu

Meseji nyingi wiki hii zinahusu nyigu vimelea, wale wanaotaga mayai ndani ya wadudu wengine. Nimechagua chache.

Shikamoo mtaalamu. Huku kwetu kuna watu wametega kitu kama chandarua msituni Rubeho, eti wanatafuta nyigu mpya. Mpya kivipi, wakati yupo tangu enzi za mababu? (Kibakwe, Mpwapwa)

Marahaba. Mpya kwa vitabu tu. Hicho chandarua ni mtego wa Malaise, umepewa jina la Msweden aliyeubuni. Mdudu akigonga wavu hupanda juu kufuata mwanga, mwisho anadondokea kwenye chupa ya spiriti.

Kukamata ndiyo kazi nyepesi. Baada ya hapo analinganishwa na sampuli za makumbusho, nyingi ziko Ulaya, mshipa mmoja mmoja wa bawa, mpaka ithibitike hakuna aliyewahi kumwandika. Epirhyssa quagga, nyigu mweusi kwa mweupe kama punda milia, alinaswa msitu wa Kibale, Uganda, akaja kutangazwa 2019, miaka kadhaa baadaye. Na Rubeho msiidharau: kwale wa huko alitambuliwa kuwa spishi yake mwenyewe 2005 tu, na kwale hahitaji darubini. Sembuse mdudu wa milimita mbili!

Nilipasua bua la mtama nikamkuta bungua amezungukwa na punje nyeupe kama mchele. Nikaziponda zote nikijua ni mayai yake. Nilifanya sawa? (Kongwa)

Hapana, ndugu yangu, uliwaua askari wako. Bungua hutaga akishakuwa nondo, si akiwa kiwavi. Hizo punje ni vifuko vya hariri vya nyigu, yaelekea Cotesia sesamiae, mwenyeji wa Afrika. Jike huingia kwenye tundu la bungua, humdunga na kumwachia mayai, pamoja na virusi vinavyolegeza kinga ya mwili wake. Mabuu hula kutoka ndani huku bungua akiendelea kuishi, halafu hutoboa ngozi, hutoka nje na kujisokotea vifuko hivyo ulivyoviona. Bungua hapo hana maisha tena.

Ukikuta bua la namna hiyo liache kando ya shamba. Baada ya wiki moja hivi nyigu wazima watatoka kutafuta mabungua wengine. Nduguye kutoka Asia, Cotesia flavipes, aliachiwa na ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, pwani ya Kenya mwaka 1993 kwa kazi hiyohiyo.

Wanauma watu? (Nzuguni)

Wengi hawana habari na wewe. Ile sindano ndefu ni ya kutagia. Wakubwa wachache ukiwafinya watakudunga kidogo.

Mungu anaumbaje mdudu katili hivi? (Kondoa)

Hujaanza wewe. Mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia rafiki yake Asa Gray kwamba haimwingii akilini Mungu mwema aumbe kwa makusudi nyigu wanaokula viwavi wangali hai. Hilo nawaachia mashehe na wachungaji. Ila kidung'ata wa mihogo, mdudu mdogo anayefyonza utomvu, kutoka Amerika Kusini alipofyeka mashamba ya Afrika miaka ya 1970, aliyemdhibiti ni nyigu mdogo wa Paraguay, aliyeanza kuachiwa Nigeria 1981. Mwenye shamba la mihogo sidhani kama angemwita katili.

Nikimgundua naweza kumpa jina langu? Kuna hela? (Singida)

Hela hakuna. Jina hutolewa na anayemwandika kitaalamu, na anayejiita mwenyewe huchekwa na wenzake. Mpelekee mtaalamu sampuli; mara nyingi aliyeokota ndiye anayeenziwa.

Nasoma UDOM, nataka kukusanya nyigu milimani. Nianzie wapi?

Anza na vibali, na msimamizi wako akuelekeze: utafiti unapitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na msitu wa hifadhi una mwenyewe, mara nyingi TFS, wakala wa serikali wa misitu. Kisha lebo. Kila chupa iwe na kikaratasi ndani: mahali, mwinuko, tarehe, jina lako. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na nyigu asiyejulikana alikotoka hana faida kwa mtu.