Kiatu Topeni, Simu Mcheleni

Maswali ya wasomaji

SWALI LA KWANZA

Mhariri mpendwa,

Mimi na mume wangu ni wakazi wa Mtwara. Mwezi wa saba, mikorosho ilipokuwa imekwisha kupuliziwa salfa ya awali na watoto wakiwa kwa bibi yao Newala, tuliamua kwenda kupumzika mkoani Lindi, kwanza kwenye mlango wa mto Lukuledi na kisha kwenye Ziwa Rutamba. Tulivuka kutoka Lindi mjini hadi Kitunda, tukakodi mtumbwi ili tuingie mikokoni. Mwenye mtumbwi alitusihi tuwe tumerudi kabla ya saa saba, lakini Baba Shani akamjibu kwamba kupwa na kujaa ni mambo ya bahari, nasi tuko mtoni. Ilipofika saa nane tulikuwa tumekaa juu ya tope, kaa wakitupita kulia na kushoto. Niliteremka kusukuma, tope likanishika hadi magotini, na nilipoung'oa mguu wa kulia ulitoka bila kiatu. Hadi leo hakijaonekana.

Rutamba nako mume wangu alisimama mtumbwini ili anipige picha, tukajikuta sote wawili ndani ya maji ya kifuani, na simu pia. Jioni aliifukia ndani ya bakuli la mchele, kwa kuwa amesikia kwamba mchele hunyonya maji. Mama aliyekuwa akitupikia hakuwa ameambiwa. Alilichukua bakuli aende kuosha mchele, nami nikamsikia akiuliza kutoka uani iwapo kwetu Mtwara wali huungwa kwa simu.

Naomba unijibu: je, mchele unasaidia kweli? Je, ni nani anayepaswa kununua kiatu? Na je, kuwashwa ngozi tulikokupata baada ya kuoga ziwani mchana ni dalili ya kichocho?

Mama Shani, Mtwara

SWALI LA PILI

Ndugu Mhariri,

Nina hakika kwamba mke wangu amekwisha kukuandikia, na nina hakika pia kwamba hakuyataja mambo ya kambale. Alinunua kambale kwa wavuvi wa Rutamba, akanihakikishia kwamba wamekufa, tukawatia katika gunia lililolowa na kuliweka nyuma ya kiti cha gari. Tulipofika Mnazi Mmoja, mmoja wao alikuwa amekwisha kutoka guniani, akapita chini ya kiti na kumgusa mke wangu kwenye kifundo cha mguu. Ukelele alioupiga uliwakusanya vijana wote wa bodaboda waliokuwa kijiweni, wakidhani kwamba nimempiga. Ilinibidi nimwinue kambale juu kama kielelezo cha mahakamani. Samaki aliyekufa anafufukaje? Isitoshe, safari ijayo nataka tulale kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto Ruvuma, upande wa Kilambo, naye anakataa. Nani yuko sahihi?

Baba Shani, Mtwara

JIBU

Mama Shani na Baba Shani, barua zenu zimefika katika bahasha mbili lakini safari ni moja, hivyo nitawajibu pamoja. Kwa maoni yangu, karibu kila mkasa uliowapata ulitokana na jambo moja, nalo ni kwamba mlikwenda na saa ya mkononi mahali ambapo maji yana saa zake, na aliyezijua saa hizo, yaani mwenye mtumbwi, alipozitaja hakusikilizwa.

Tuanze na mto. Mlango wa Lukuledi unafunguka kwenye ghuba ya Lindi, na penye mikoko bahari ndiyo inayotawala, hata kama ramani imeandika mto. Maji hujaa kwa muda wa takriban saa sita, kisha hupwa kwa muda kama huo, na kila siku ratiba nzima husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Ndiyo maana saa iliyomfaa jirani yenu juma lililopita haikuwafaa ninyi. Jambo la pili ni mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu huwa ni bamvua, na katika pwani yetu tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hupita meta 3, kiasi kwamba mkondo uliokuwa ukielea jahazi asubuhi huwa njia ya kaa mchana. Siku za maji mafu, yaani zile za mwezi nusu, tofauti hiyo hupungua sana, na anayetaka kutembelea mikoko kwa raha angezichagua hizo. Si lazima mnunue kitabu cha majedwali: mwenye kuhesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu anajua kwamba bamvua huangukia karibu na mwanzo na katikati ya mwezi, na mvuvi yeyote wa Kitunda atawaambia saa yenyewe.

Mtumbwi ukikwama, kushuka kusukuma ni kosa la pili juu ya lile la kwanza, kwa sababu tope la mikokoni halina sakafu ya kukanyagia. Mtu hukaa mtumbwini akangoja maji yajae. Kwa hiyo, Mama Shani, kiatu kilipotea kwa uamuzi wako, ila usingehitaji kuuamua laiti mumeo angemsikiliza mwenye mtumbwi. Kiatu anunue Baba Shani, na rangi uchague wewe.

Kuhusu kusimama mtumbwini sina maneno mengi. Ngalawa ina matengo yanayoizuia isipinduke, lakini mtumbwi wa gogo tumbo lake ni la mviringo na hauna kitu cha kuushikilia. Mvuvi mnayemwona amesimama akisukuma kwa pondo amejifunza tangu utotoni, wala hajashika simu. Apigaye picha na akae chini kabisa, na wote wawili wavae maboya ya kujiokolea, hata kama wenyeji wanawacheka.

Simu iliyolowa hufaa izimwe mara moja, itolewe laini, igongwegongwe taratibu kiganjani huku tundu la chaji likitazama chini, kisha iachwe mahali pakavu penye upepo, bila kuchajiwa hadi ikauke kabisa. Mchele hausaidii. Kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake mwaka 2024 wasiitumie njia hiyo, kwa kuwa chembe za mchele zinaweza kuingia ndani na kuiharibu simu. Upepo wa kusi unaovuma mwezi wa saba ungeikausha vizuri zaidi, na mama wa watu angepika kwa amani.

Sasa niliongelee lile ambalo halina mzaha. Ugonjwa wa kichocho upo katika mikoa ya Lindi na Mtwara, na vimelea vyake hutoka kwa konokono waishio katika maji baridi yaliyotulia au yaendayo polepole, hasa pembezoni penye majani, yaani pale pale watu wanapopendelea kuingilia. Vimelea hivyo hutoka kwa wingi wakati jua linapowaka, na mchana ndio kilele chake, nanyi mkachagua kuoga saa hiyo. Huingia mwilini kupitia ngozi isiyo na jeraha lolote, kwa dakika chache tu, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemewa.

Kuwashwa jioni ya siku ile si uthibitisho, kwa sababu wapo vimelea wengine wa ndege wa majini wanaowasha ngozi ya binadamu na kuishia hapo. Lakini kutowashwa nako si salama. Msikimbilie kunywa dawa siku ya pili, kwani prazikwanteli huua minyoo iliyokwisha kukomaa na haiwawezi wachanga. Subirini juma la sita hadi la nane tangu mlipooga, kisha nendeni wote wawili kituo cha afya mkapime, mkimweleza mhudumu kwamba mliingia ziwani. Mkiombwa mkojo, ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio unaofaa zaidi, kwa kuwa mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi wakati huo. Mmoja wenu akipatwa na homa na kikohozi kabla ya muda huo, au akiona damu kwenye mkojo, asingoje juma lolote.

Kambale hakufufuka, Baba Shani, kwa sababu hakuwa amekufa. Zaidi ya mashavu ana kiungo cha pekee cha kuvutia hewa, na ngozi yake ikibaki na unyevu anaweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi. Gunia lenu lililolowa lilikuwa kitanda chake. Huko mitoni hutambaa kutoka dimbwi moja hadi jingine maji yanapopungua. Mshukuru Mungu kwamba alimgusa mkeo kwa mwili tu, maana mapezi yake ya ubavuni yana miiba inayochoma vibaya. Safari nyingine mwombeni mvuvi awapasue na kuwasafisha pale pale.

Kuhusu Ruvuma, Mama Shani yuko sahihi, tena kwa sababu kadhaa. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi kabla ya mapambazuko, na hema lililosimama kwenye mapito yao ni kizuizi tu machoni pao. Mamba nao huota jua kwenye mchanga huohuo mnaoutamani. Kilambo hakuko mbali na bahari, hata kivuko chake kimekuwa kikitegemea maji kujaa, kwa hiyo kisiwa mtakachokilalia jioni huenda usiku kikafunikwa. Aidha, mto huo ndio mpaka wetu na Msumbiji, na tangu machafuko ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mto, yalipoanza mwaka 2017 si mahali pa kuzurura usiku bila taarifa.

Kama hamu ya Ruvuma haiishi, nendeni Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, mkalitazame Daraja la Umoja, lenye urefu wa meta 720, lililofunguliwa mwaka 2010 na Rais Kikwete pamoja na Rais Guebuza wa Msumbiji. Mchana mtauona mto na mchanga wake wote kutoka juu. Pitieni kwanza kwa askari wa mpakani kuomba ruhusa ya kupiga picha, bebeni vitambulisho vyenu, na usiku mkalale nyumba ya wageni Masasi, ambako kambale huletwa mezani akiwa amekwisha kuungwa nazi.