Sauti ya tundu la tatu la filimbi iko chini: lipanue kidogo kidogo

Ndugu, umesema filimbi yako ya mti ulioitoboa mwenyewe, tundu la tatu kutoka chini sauti yake iko chini, na ya la nne imepanda. Hilo linatengenezeka kabisa.

Kwanza ipulize dakika tano ipate joto ndipo upime noti, yaani sauti ya kila tundu. Filimbi ya baridi hushuka sauti, na watu wameharibu matundu mazima kwa kupima mapema.

Tundu ambalo sauti yake iko chini hupanuliwa. Viringisha msasa laini kwenye kijiti, sugua ukingo wa upande unaoelekea mdomoni mara mbili tatu tu, pangusa unga, puliza, pima tena. Mti ukishatoka haurudi, kwa hiyo tafadhali usiwe na haraka hapa.

La nne liache kwanza, maana ukipanua la tatu nalo litapanda kidogo zaidi. Ukimaliza, lainisha nta ya nyuki kwa vidole, ibandike ndani ya ukingo wa hilo la nne, upande uleule wa mdomoni. Sauti itashuka, na ukizidisha unaikwangua kwa ukucha.

Ukiziba matundu yote, noti ikawa bado iko chini, sugua mwisho wa mkia, yaani ncha ya filimbi iliyo mbali na mdomo.