Ndugu wawili, sauti kumi na mbili: kurekodi muziki laini kwa kufuata Close to You

Albamu ya Close to You ya kundi la Carpenters ilitoka Agosti 1970, na kwa kuwa muziki wake ni mpole, wengi hudhani ni mwepesi kuutengeneza. Sivyo. Karen na Richard Carpenter, dada na kaka waliohamia Downey, California, wakiwa vijana, walikuwa wametoa albamu moja mwaka uliotangulia, Offering, nayo haikuuzika. Hii ya pili ikapanda hadi nafasi ya 2 Marekani, wimbo uliobeba jina lake ukakaa nafasi ya 1 kwa wiki nne, na mwaka 1971 wakaondoka na tuzo mbili za Grammy. Lebo ilikuwa ileile, A&M, na koo zilikuwa zilezile. Kilichogeuka ni uchaguzi wa nyimbo, na jinsi sauti ya chini ya Karen ilivyosogezwa karibu kabisa na sikio la msikilizaji. Basi kama nyumbani kwenu mko wawili mnaoimba, anzieni hapo.

Maprodyuza wengi wakipata mwimbaji wa kike humpandisha juu, wakiamini kwamba nguvu iko huko. Kwa muziki laini nguvu iko chini, mahali ambapo mtu anaimba karibu na kiwango cha kuzungumza. Rekodini ubeti mmoja kwa funguo tatu, yaani vimo vitatu vya sauti: ile mliyoizoea, toni moja chini yake, na toni mbili chini yake. Msiamue siku hiyohiyo. Kesho yake sikilizeni kwenye spika ya simu na kwenye redio ya kawaida. Ufunguo sahihi ni ule wa chini kabisa ambao noti bado ni noti. Ukizidi hapo, mwisho wa mstari unageuka pumzi tupu na kwenye simu maneno yanapotea. Kushuka kuna faida nyingine: kunawaachia nafasi ya kupanda. Wimbo wa Close to You unapanda nusu toni katikati, na kwa kuwa Karen alianzia chini, haukazi koo hata kidogo.

Mwimbaji mkuu akae sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maikrofoni, katikati pawe na kitambaa cha kuzuia pumzi ya "p" na "b". Asielekeze mdomo moja kwa moja. Maikrofoni ikiinuliwa kidogo usawa wa pua, mpasuko wa pumzi unapita chini yake.

Sasa kwenye kazi yenyewe, ambayo ni zile sauti za nyuma. Zinasikika kama kwaya, lakini ni Karen na Richard peke yao, wakiimba juu ya walichokwisha kurekodi, tena na tena. Kwa studio ndogo hesabu inayofaa ni hii: mistari minne ya sauti (yaani melodi nne zinazoimbwa pamoja, kila moja kwa kimo chake), kila mstari urekodiwe mara tatu, jumla sauti 12. Kila mmoja achukue mistari miwili iliyo karibu na koo lake. Undugu unawasaidia sana hapa. Waliojifunza kusema katika nyumba moja hufungua irabu kwa namna moja, na irabu zikifanana, sauti zinashikana bila kulazimishwa.

Msinakili. Huu ndio mtego wa kwanza wa kompyuta: mtu anaimba mara moja, kisha anabandika treki ileile mara tatu. Nakala kamili haiongezi unene, inaongeza ukubwa wa sauti tu. Ikisogezwa kidogo ndipo mambo yanaharibika zaidi, sauti inakuwa kama ya mtu anayeimba ndani ya bomba. Unene unatokana na tofauti ndogondogo kati ya mtu alivyoimba mara ya kwanza na mara ya pili, kwa hiyo hakuna njia ya mkato, ni kuimba mara zote tatu.

Mtego wa pili ni kelele. Feni ambayo huisikii kwenye treki moja, ikirekodiwa mara 12 inaongezeka kwa takriban desibeli 11, na hapo utaisikia. Zimeni feni na friji, na kama paa ni la bati, mvua ikianza acheni kazi. Hata mapigo ya kuhesabia yanayovuja kutoka kwenye hedifoni ni hatari: yanaangukia palepale kila mara, kwa hiyo yanajumlishana vizuri kuliko kelele nyingine yoyote. Punguzeni mapigo hayo hadi yasikike kwa shida. Mwimbaji afunike sikio moja tu kwa hedifoni, na lile la pili aliache wazi, likae na sauti yake halisi. Akifunika yote mawili, mara nyingi anateleza juu au chini ya noti bila kujua.

Halafu kuna konsonanti, na hapa ndipo rekodi nyingi zinapoharibika. Chukua maneno kama "nasikia sauti zetu". Sauti 12 zikitamka "s" kila moja kwa wakati wake, kinachosikika ni nyoka. Kubalianeni kwamba katika kila mstari wa sauti, rekodi ya kwanza tu ndiyo itakayotamka "s" na "t" kikamilifu. Rekodi ya pili na ya tatu ziguse kidogo tu, karibu na "na-ikia". Sikio la msikilizaji litajaza lenyewe.

Kiswahili kinatupa zawadi ambayo Carpenters hawakuwa nayo: karibu kila neno linaishia kwa irabu, kwa hiyo miisho ya mistari inaunganika kirahisi. Lakini kina mitego yake. "M" ya "mpenzi" ni silabi kamili. Mmoja akiipa noti yake na mwingine akaimeza, mwanzo wa neno unakuwa mchafu. Amueni kabla: inaingia kwenye pigo au nusu ya pigo kabla yake? Na mtunzi akiweka noti ndefu kwenye "zi" ya mwisho, irabu "i" inabana na kupanda juu ya noti. Ifungueni kidogo kuelekea "e", wote kwa kiasi kilekile.

Sauti za nyuma ziimbwe sentimita 40 hadi 60 kutoka kwenye maikrofoni. Kwenye kuchanganya, kateni masafa yote yaliyo chini ya hezi 150 hivi katika treki hizo, futeni pumzi zake zote, kisha zitawanyeni kushoto na kulia. Pumzi ya mwimbaji mkuu iacheni. Ndiyo inayomfanya aonekane yuko chumbani.

Ala ziwe chache mwanzoni. Wimbo wa Close to You unaanza kwa piano, na zile sauti nyingi zinasubiri. Mwishoni ala zinatulia kana kwamba wimbo umekwisha, ndipo sauti zote zinaingia kwa "waa" moja kubwa. Kama zingekuwa zimeimba tangu ubeti wa kwanza, pale mwisho pasingekuwa na kitu. Ngoma zipigwe kwa wepesi. Karen mwenyewe alikuwa mpiga ngoma hodari, lakini kwenye wimbo huo aliyepiga ni Hal Blaine, mpiga ngoma wa studio.

Kuhusu wimbo wa kuimba: Close to You ya Burt Bacharach na Hal David ilikuwa imesharekodiwa na Richard Chamberlain na Dionne Warwick miaka ya 1960 bila kishindo. We've Only Just Begun, wimbo mwingine wa albamu hiyo, uliotungwa na Paul Williams na Roger Nichols, ilianza kama tangazo la benki kwenye televisheni. Richard Carpenter akaisikia, akauliza kama kuna wimbo kamili. Msione haya kutafuta kwenye zilipendwa au hata kwenye matangazo. Mkipata, ombeni ruhusa ya mtunzi au warithi wake kwa maandishi, mkaulize ofisi ya hakimiliki, COSOTA mkiwa Tanzania au KECOBO mkiwa Kenya, na mgawanyo wa mapato uandikwe kabla ya kuingia studio. Wimbo ukishapendwa, mazungumzo hayo huwa magumu mara kumi.