Land Rover ya urithi: anza na chesisi, rangi baadaye

Ndugu yangu, Land Rover Series III uliyoachiwa na mzee, iliyolala shambani Njoro, usiipake rangi kwanza. Bodi yake ni ya aluminiamu. Inaweza kung'aa huku chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini inayobeba gari, imeliwa na kutu. Ingia chini, gongagonga kwa nyundo ndogo, hasa boriti ya nyuma na pale springi zinaposhikiliwa. Kisha dunga hapo kwa bisibisi: ikipenya, pameoza.

Kuchomelea mwachie fundi wa chesisi, tena tangi la petroli likishatolewa: hata likiwa tupu, mvuke wake hulipuka.

Kabla ya kuitembeza, badilisha mipira ya silinda za breki, zote. Hapo usibane pesa kabisa.

Logibuku (hati ya umiliki wa gari) ikiwa na jina la marehemu, shughulikia mirathi mahakamani mapema.