Tetemeko lina ukubwa mmoja, lakini ukali wake hutofautiana mahali hadi mahali: kwa mnaoanza kusoma matetemeko ya ardhi

Ukiingia kwenye kazi hii, swali utakaloulizwa kuliko mengine yote ni "lilikuwa kubwa kiasi gani?" Anayeuliza anataka jibu moja. Wewe utakuwa nayo mawili, na miezi yako ya mwanzo itumie kujifunza kutoyachanganya. Jibu la kwanza linahusu tetemeko lenyewe kule lilikozaliwa, chini ya ardhi. Huo ndio ukubwa, na kila tetemeko lina wake mmoja tu. La pili linahusu mahali fulani juu ya ardhi: hapo ardhi ilitikisika vipi, watu walihisi nini, kuta zilipata nini. Huo ni ukali, na kila kijiji na kila mtaa una wa kwake.

Chukua tetemeko la Japani la tarehe 11 Machi 2011. Ukubwa wake ulikuwa 9.0. Lakini Wajapani wana pia kipimo chao cha ukali, kinachoanzia 0 na kuishia 7, na siku hiyo mji wa Kurihara ulipata 7 huku Tokyo, mbali zaidi kusini, ikipata daraja la juu la 5. Namba zote tatu ni sahihi. Anayezisoma haraka ataripoti "tetemeko la 7" na kulipunguza mara elfu moja bila kujua. Kipimo cha ukali kinachotumika katika nchi nyingi, kile cha Mercalli kilichorekebishwa, huandikwa kwa namba za Kirumi, I hadi XII, ili kuepusha mkanganyiko huo. Zingatieni desturi hiyo hata kwenye madaftari yenu.

Tuanze na ukubwa. Mwaka 1935 Charles Richter, akifanya kazi California pamoja na Beno Gutenberg, alitafuta njia ya kulinganisha matetemeko bila kutegemea hofu ya waliokuwepo. Alichukua seismografu za aina moja, yaani vifaa vinavyochora mtikisiko wa ardhi kwenye karatasi, akapima urefu wa wimbi kubwa kuliko yote kwenye karatasi, kisha akaondoa athari ya umbali. Alikubaliana na nafsi yake kwamba tetemeko lililo umbali wa kilomita 100 likichora wimbi la milimita 1, hilo ni la ukubwa wa 3. Wimbi la milimita 10 ni 4. La milimita 100 ni 5.

Fanyeni hesabu hiyo kwa mkono angalau mara chache, hata kama kompyuta inaimaliza kabla hujashika kalamu. Kwenye karatasi utaona mstari umetulia, halafu unaanza kutetema kidogo kidogo: hayo ni mawimbi P, yanayosafiri kwa takribani kilomita 6 kwa sekunde katika tabaka la juu la dunia. Baadaye mstari unaruka kwa nguvu zaidi: hayo ni mawimbi S, yaliyo polepole. Hesabu sekunde zilizopita kati ya hayo mawili, zidisha kwa 8, upate umbali kwa kilomita. Sekunde 12 au 13 zinakupa kilomita 100. Sasa pima wimbi refu kuliko yote. Likiwa milimita 10, una tetemeko la 4, na kwa kifaa alichotumia Richter, kilichokuza mtikisiko zaidi ya mara 2,000, ujue kwamba pale kilipokuwa kifaa ardhi ilisogea chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Ukishaiona hesabu hiyo kwa macho yako, utaacha kushangaa kwa nini matetemeko mengi hupita bila mtu kuyahisi.

Hii ni skeli ya logi. Kila hatua moja ni mara 10 kwa urefu wa wimbi, lakini kwa nishati ni kama mara 32, na hatua mbili ni mara 1,000. Hata tofauti ya 0.2, ambayo watu huiona ni kitu kidogo, ni karibu nishati maradufu. Mwanzoni namba hizi hazikai kichwani, na dawa yake ni kulinganisha jozi za matetemeko ya kweli. Haiti, Januari 2010: 7.0. Chile, Februari mwaka huohuo: 8.8. La Chile lilitoa nishati kama mara 500 ya lile la Haiti. Waliokufa Chile walikuwa mamia. Haiti walikuwa makumi kwa makumi ya maelfu, kwa sababu lile la Haiti lilipasuka kina kifupi, karibu kabisa na Port-au-Prince, chini ya majengo yasiyojengwa kuhimili. Ukubwa peke yake hauwezi kukueleza msiba.

Jambo moja linalohitaji kusahihishwa kila siku: skeli hii haiishii 10. Haina mwisho uliowekwa, na chini yake kuna hata namba hasi kwa mitikisiko midogo sana inayonaswa na vifaa vya kisasa. Kinachoweka kikomo ni dunia yenyewe, maana ufa, yaani mpasuko wa mwamba unaozaa tetemeko, hauwezi kuwa mrefu kupita kiasi. Kubwa kuliko yote yaliyopimwa kwa vifaa ni la Chile la tarehe 22 Mei 1960, la 9.5.

Na kwa kweli leo matetemeko makubwa hayapimwi tena kwa skeli ya Richter, ingawa jina lake bado linatajwa kila mahali. Njia yake hukwama. Tetemeko likivuka takribani 7, wimbi linalopimwa linaacha kukua ipasavyo hata kama ufa unaendelea kupasuka mamia ya kilomita. Ndiyo maana mwaka 1979 Thomas Hanks na Hiroo Kanamori walitoa kipimo cha ukubwa wa momenti: unazidisha ugumu wa mwamba, eneo la ufa lililoteleza, na umbali ambao pande mbili zilipishana, kisha unaingiza kwenye fomula iliyotengenezwa ifanane na namba za Richter kwenye matetemeko ya kawaida. Ninakipenda kipimo hiki kwa sababu kinaeleza kitu kilichotokea kwenye mwamba wenyewe. Vipimo vya zamani vinaeleza tu jinsi karatasi ilivyochorwa.

Udhaifu wa kukwama una gharama. Siku ile ya 2011, makadirio ya kwanza ya Japani yaliyotoka ndani ya dakika chache yalisema 7.9. Tahadhari ya tsunami ikatolewa kwa kufuata namba hiyo, na urefu wa mawimbi ukakadiriwa chini ya yale yaliyofika. Namba ikapandishwa hadi 8.4, 8.8, na hatimaye 9.0. Watu wanaposema "wataalamu wanabadilisha badilisha namba," wajibuni kwa utulivu: namba ya kwanza hutokana na data ya dakika chache, na ufa wa zaidi ya kilomita 400 huchukua muda kupasuka na muda zaidi kusomeka. Kila mkiandika namba, andikeni pia aina ya kipimo na saa ilipotolewa. Vituo viwili vikitofautiana kwa 0.1 au 0.2, hapo hakuna ugomvi.

Sasa ukali, upande ambao wengi wenu mtaudharau kwa sababu hauna fomula nzuri. Giuseppe Mercalli alitoa kipimo chake mwaka 1902, na mwaka 1931 kikarekebishwa Marekani. Daraja la II huhisiwa na wachache waliotulia, hasa ghorofa za juu. La IV hutikisa vyombo na madirisha, kama lori zito limepita. La V huamsha waliolala. La VI huhisiwa na wote, na samani nzito husogea. Kuanzia VII unaangalia majengo, na lazima ujue jengo ni la aina gani kabla ya kusema lolote, maana nyufa kwenye ukuta dhaifu hazina uzito sawa na nyufa kwenye ukuta ulioimarishwa kwa nondo.

Ni nini kinaufanya ukali uachane na ukubwa? Kina na umbali kwanza. Bolivia ilipata tetemeko la 8.2 mwezi Juni 1994, lakini kina chake kilizidi kilomita 600; lilihisiwa hadi Kanada na madhara yake yakawa machache. Kinyume chake, Septemba 2010 New Zealand ilipigwa na tetemeko la 7.1, kitovu (mahali juu ya ardhi palipo wima juu ya chanzo) kikiwa takribani kilomita 40 kutoka jiji la Christchurch, na hakuna aliyeuawa moja kwa moja. Februari 2011 likaja la 6.2, lenye nishati pungufu zaidi ya mara 20, ila hili lilikuwa la kina kifupi na karibu chini ya jiji lenyewe. Watu 185 walikufa.

Halafu udongo. Tarehe 19 Septemba 1985 Mexico ilipigwa na tetemeko ambalo kitovu chake kilikuwa pwani, zaidi ya kilomita 350 kutoka Mexico City. Sehemu ya jiji hilo imejengwa juu ya tope laini la ziwa la kale, na tope hilo lina mwendo wake wa asili: huyumba na kurudi kwa takribani sekunde 2. Mawimbi ya mwendo huo yalipofika yakakuzwa mno, na majengo ya kama ghorofa 6 hadi 15, ambayo nayo huyumba kwa mwendo wa karibu na huo, yakaanguka kuliko yale mafupi. Mitaa iliyo kwenye mwamba wa jiji hilohilo ilipata ukali mdogo zaidi. Usichore ramani ya ukali kwa duara kuzunguka kitovu kabla hujatazama ramani ya udongo.

Siku hizi vifaa hupima kasi ya mabadiliko ya mwendo wa ardhi na kukadiria ukali kwa dakika chache, na Idara ya Jiolojia ya Marekani hukusanya maelezo ya wananchi kwa intaneti tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Bado itabidi uzungumze na watu. Uliza kabla hujataja ukubwa, kwa sababu aliyekwishasikia "6" atakuelezea tetemeko la 6. Usiulize kama lilikuwa kali. Uliza alikuwa ghorofa ya ngapi, amelala au anatembea, taa ya kuning'inia ilifanya nini, vikombe vilibaki kabatini au vilianguka. Uliza kama kulikuwa na kishindo kwanza, kisha mtikisiko, na kati yao ilipita muda gani: hizo ni P na S zikisimuliwa na mwili wa binadamu. Na waandike wale waliosema hawakuhisi kitu. Wanaoanza huwaruka, wakidhani fomu tupu haina faida, kumbe ndio wanaoonyesha mpaka wa eneo lililohisiwa.

Mpaka huo ndio unaotumika kukadiria ukubwa wa matetemeko yaliyotokea kabla ya vifaa. Lisbon ilipoangamia tarehe 1 Novemba 1755, serikali ya Ureno ilituma maswali kwa maparoko: lilianza saa ngapi, lilidumu muda gani, nyumba ngapi zilianguka, bahari ilipanda kwanza au ilishuka. Majibu yao ni sehemu ya ushahidi ambao hadi leo hutumika kulikadiria tetemeko hilo, ambalo halikuchorwa na kifaa chochote.