Mkojo ukikuponyoka baada ya kuzaa

Nilitawadha mara tatu kwa sala moja ya Isha. Ilikuwa Ramadhani, mwanangu wa pili ana miezi minne, na kila nikikohoa nahisi tone limetoka. Narudi chooni, nabadili nguo, natawadha upya. Tarawehe nikaacha kwenda. Mama mkwe nilipomweleza akaniambia, "Ndio uzazi huo, mwanangu." Nikaamini.

Dada zangu, msiamini. Hali hii inatupata wengi, lakini ina dawa.

Muuguzi wa kliniki, hapa hapa Lamu, alinifahamisha kwa mfano wa kitanda cha kamba. Chini ya nyonga kuna misuli iliyowambwa toka mbele hadi nyuma, inabeba kibofu, kizazi na utumbo. Mimba huilemea miezi tisa, kisha mtoto hupita hapo hapo. Kamba zikilegea, kitanda hakitupwi. Huwambwa tena.

Zoezi lake ni hili: kaza misuli hiyo kama unayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, uvute kwa juu. Hesabu hadi tano, legeza kabisa, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Makalio na mapaja yatulie, na pumzi usiibane. Mimi wiki ya kwanza nilikuwa nakaza makalio tu, nachoka bure. Usijizoeshe kukatiza mkojo katikati ukiwa chooni. Nilikuwa nikifanya juu ya msala kabla sijainuka, ili nisisahau, na ilinichukua karibu miezi mitatu. Mjamzito naye aanze sasa, asingoje azae.

Mkaja nao, ile nguo ya kumfunga mzazi tumbo. Siusemi vibaya, lakini arobaini yangu nilifungwa hadi pumzi ikawa fupi, na kukazwa hivyo husukuma uzito chini. Mwombe anayekufunga alegeze. Kula papai na mboga, unywe maji, usijikamue chooni. Na dumu la maji la kupandisha ngazi, mwachie mwingine kwanza. Ikibidi, kaza kabla ya kulinyanyua, huku ukitoa pumzi.

Kuhusu udhu, muulize ustadhi. Mwenye udhuru ana wepesi wake.

Lakini mkojo ukitiririka mchana na usiku bila kukoma, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na mazoezi hayaizibi. Nenda hospitali mapema, inatibika kwa upasuaji. Ukihisi kitu kinashuka ukeni, nenda vilevile, wala usimwonee haya daktari.